Askari Asiyevua Helmeti

Mpwa wangu alikuwa kasimama katikati ya njia mbele ya kibaraza chetu, hapa Wete, helmeti ya bodaboda kichwani, kioo kimeshushwa mpaka puani. Ilikuwa kubwa mno kwake. Kila akigeuza shingo, helmeti ilichelewa kumfuata. Mkononi ana kijiti cha mhogo, na mbele yake mtoto wa jirani kakaa mchangani, mikono kisogoni, anajikaza asicheke.

"Kuvuka njia pasipo ruhusa, miaka mitano!" alinadi mpwa wangu. "Kubishana na Jaji, mitano mingine!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilijua kaitoa wapi. Siku chache nyuma nilikuwa nimemkalisha na tableti, nimemfungulia Judge Dredd, katuni ya Kiingereza ya askari ambaye mwenyewe ndiye jaji, namfasiria maneno huku nayaruka yale yasiyomfaa mtoto wa miaka tisa.

Mama alikuwa ubavuni mwangu anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua uso.

"Mvue hicho kitu," aliniambia mie, si yeye.

"Mama, mtoto anacheza."

"Nimesema mvue."

Akainuka na ungo wake, akaingia ndani. Mchele wenyewe ulikuwa haujafika nusu.

Wiki zimepita. Mama hajalitaja tena jambo lile, wala sitarajii alitaje. Lakini tangu siku ile nasoma katuni zangu za Jumatano kama mtu anayekula na kuna mwingine kamsimamia kichwani.

## Nyuma ya mlango

Msomaji wa Pemba sina cha kumweleza hapa. Kwa walio mbali nitasema kwa ufupi: 27 Januari 2001, maandamano ya baada ya uchaguzi, risasi. Zaidi ya watu 30 waliuawa Unguja na Pemba, na wengine wapatao 2,000 walivuka bahari mpaka Shimoni, pwani ya Kenya.

Mie nilikuwa na umri kama wa mpwa wangu. Nilichokiona kwa macho yangu ni kidogo kuliko nilichosimuliwa baadaye, na siku hizi vyote viwili vimechanganyika. Ila kimoja nina hakika nacho. Nililazwa kifudifudi nyuma ya mlango wa nyumba ya bibi, na mlango ule ulikuwa na ufa chini, karibu na bawaba. Kwenye ufa zilipita buti. Kisha mmoja akainama kuokota kitu, nikamwona: helmeti, kioo cheusi, kamba, na kidevu. Uso haukuwapo.

Ami yangu alivuka usiku wa pili yake.

Basi hilo ndilo lililonikaa rohoni. Mtoto yule wa nyuma ya mlango alikujaje kuwa mtu mzima anayetoa pesa zake, kila wiki, kusoma habari za askari ambaye tangu mwaka 1977 hajapata kuonyesha uso wake, ila kidevu tu?

## Vikombe vya ami

Ami alifika Uingereza kwa njia alizozijua mwenyewe, na baada ya muda mizigo ikaanza kuja. Safari moja lilikuja boksi la vikombe na gilasi, zawadi ya mama. Kila kikombe kimefungwa karatasi, na kila karatasi ni ukurasa wa katuni. Ami alikuwa akinunua magazeti ya zamani kwa mafungu kwenye maduka ya mitumba, kwa kuwa yalikuwa rahisi kuliko karatasi za kufungia.

Mama akachukua vikombe. Mie nikachukua karatasi.

Nilizinyoosha kwa pasi ya mkaa, juu ya kanga iliyokunjwa, na wino ukabaki kwenye kanga (nilipigwa kwa hilo). Karatasi zenyewe duni, za gazeti, zimeshageuka manjano, picha nyeusi na nyeupe isipokuwa zile kurasa za katikati zenye rangi. Hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Ukurasa wa nne wa hadithi hii, wa pili wa ile. Kiingereza changu kilikuwa cha skuli, cha kutaja vitu vya darasani, kwa hiyo nikazipanga nilivyoona mie. Dredd, Johnny Alpha mwenye macho meupe yanayoona ng'ambo ya ukuta, na yule mwanajeshi wa rangi ya buluu, Rogue Trooper, wote nikawatia katika hadithi moja na vita vimoja. Ilipita miaka kabla sijajua kuwa hawana uhusiano. Na hadithi yangu, kusema kweli, ilikuwa na maana kuliko baadhi ya zilizochapishwa.

Huyo Rogue Trooper alikuwa na helmeti inayosema. Rafiki zake watatu walikufa vitani, na akili zao zikahifadhiwa katika vipande vidogo vya kielektroniki: mmoja akatiwa kwenye bunduki, mmoja kwenye mkoba wa mgongoni, mmoja kwenye helmeti. Nilipokuja kulielewa hilo nilikaa nalo kutwa nzima. Helmeti yenye mtu ndani yake, na mtu huyo anakusemesha.

Dredd yeye hakuwa na mtu ndani. Ndivyo nilivyodhani, na ndicho nilichokipenda.

Hapa inabidi nieleze vizuri. Tumekulia mahali ambapo kwa jambo lolote, la kiwanja, la nafasi ya masomo, la mtu kukamatwa, suala la mwanzo ni: unamjua nani pale? Dredd hana wa kujuana naye. Tajiri anafungwa. Jaji mwenziwe anafungwa. Ndugu yake Rico, waliotengenezwa pamoja kwa chembe za mtu mmoja, alimkamata mwenyewe, na aliporudi kutoka kifungoni akamuua mwenyewe. Kwa mtoto aliyezoea kusikia wakubwa wakinong'onezana majina ya watu wa kuwaendea usiku, sheria isiyojua jina la mtu ilikuwa ni kitu cha peponi.

Mama aliona kidevu. Mie niliona mizani.

## Jumatano

2000 AD, gazeti la katuni la Uingereza anamotoka Dredd, lilianza Februari 1977, na Dredd akaingia toleo la pili, Machi. Mhariri wake rasmi ni kiumbe wa sayari ya mbali aitwaye Tharg, na mzaha huo wameushikilia karibu miaka 50 bila kuona haya. Kila wiki hadithi tano hivi, kila moja kurasa tano au sita, halafu itaendelea. Siku hizi singojei boksi la vikombe. Nanunua faili kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, na Jumatano usiku, nikisharudi kuswali Isha, nalifungua. Katuni za mabingwa wa Marekani, akina Superman, nazo hutoka Jumatano. Nyumbani wanajua kuwa usiku huo sisemeshwi.

Kurasa tano si kitu. Mwandishi hana nafasi ya porojo: picha ya kwanza tumeshaingia ndani ya jambo, ya mwisho mtu kabaki ananing'inia. Zipo wiki ambazo hadithi tatu kati ya tano ni ovyo kabisa, nabaki kununa na kuapa kuwa pesa yangu ningeinunulia pweza. Jumatano inayofuata nipo.

Wamarekani nao waliwahi kujaribu. Kuanzia Mei 2006 mpaka Mei 2007 DC, kampuni ya akina Superman, walitoa hadithi iitwayo 52, toleo kila wiki mwaka mzima, wiki moja ya hadithi kwa wiki moja ya msomaji, na ndani yake Superman, Batman na Wonder Woman hawapo kazini. Wamebakia wadogo wadogo wasiozoea kutegemewa. Rafiki yangu wa Unguja alinitilia zote kwenye flashi, nikaapa kusoma moja kwa wiki. Nilizimaliza kabla karafuu nilizoanika hazijakauka.

Kinachonifunga kwa Dredd ni umri. Superman kaanza 1938 na mpaka leo hana mvi. Dredd, mwaka wetu ukiisha na wake umeisha. Mwaka 1977 kwao ulikuwa 2099, na tofauti ile ya miaka 122 haijabadilika. Anazeeka. Aliyoyafanya ujanani yapo pale pale, na kuna watu wanayakumbuka.

## Kitufe

Mwaka 1982, katika hadithi ndefu ya vita aliyoichora Carlos Ezquerra, jiji la Dredd linashambuliwa na East-Meg One, jiji la Kisovieti. Nusu ya wakaazi wake milioni 800 wanakufa. Dredd na kikosi kidogo wanapenya mpaka kituo cha makombora cha adui, na makombora yakageuzwa yaelekee yalikotoka. Adui anaomba. Kule kuna watu nusu bilioni.

Dredd anabonyeza.

Mara ya mwanzo kuisoma hadithi ile kamili nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, na nilishangilia kwa sauti, peke yangu chumbani, saa saba za usiku. Dada alibisha hodi kuuliza kuna nini.

Sasa tazama kilichofuata. Mwaka 2011 mwandishi yule yule, John Wagner, alianza hadithi nyingine iliyokwenda mpaka 2012. Walionusurika wa East-Meg One wamekuja kulipa. Wanatia maradhi ndani ya jiji, wanakufa watu milioni 350, wanabaki milioni 50. Ni miaka 30 baada ya kile kitufe, kwao na kwetu. Kijana aliyeshangilia mwaka 1982 aliletewa hesabu yake akiwa na watoto wa kulea, na kwa gazeti lile lile.

Mwaka huo huo wa 2011, mwezi wa Septemba, DC waliifuta historia yao na kuyaanza magazeti yao upya kutoka namba 1. Katika 52 yumo Black Adam, ambaye kwa hasira ya kuuliwa mkewe na shemeji yake anaiangamiza nchi nzima ya Bialya. Wanaume, wanawake, wote. Nilipofika hapo nilishika kichwa. Halafu ikaja 2011, ubao ukafutwa, na deni lile likakosa mdai.

Mie nimelelewa na watu wanaokumbuka. Bibi alikuwa akitaja tarehe za vifo vya watu waliokufa kabla mama hajazaliwa. Hadithi inayofutwa hainishiki, nikiipenda vipi.

Kwa miaka hilo ndilo lililokuwa jibu langu kwa yeyote aliyeniuliza kwa nini Dredd: kwa sababu pale hakuna linalopotea. Jibu zuri, na nimelitoa kwa watu wengi. Lakini halijibu aliloliona mama.

## Macho yangu yanakwenda wapi

Ipo hadithi ya mwaka 1987, sehemu tatu tu. Raia wa Mega-City One, jiji la Dredd linalotawaliwa na Majaji, wanaandaa maandamano ya amani kudai wachague viongozi wao wenyewe. Dredd ndiye anayepewa kazi ya kuyavunja. Siri za viongozi wa maandamano zinachimbwa, wanavunjwa moyo mmoja mmoja. Siku yenyewe Majaji waliovaa kiraia wanajichanganya ndani ya umati na kuanzisha fujo, na fujo ikishaanza, kirungu kimepata sababu.

Nilikuwa nimeisoma zamani na kuipita. Nilikumbuka ni hadithi ya akili, Dredd katumia ujanja badala ya nguvu, basi.

Safari hii niliisoma taratibu, na nikajikamata. Macho yangu yanaruka. Kila ukurasa yanamtafuta yeye: yuko kona gani, kasema nini, kaamuru nini. Umati siutazami. Waandamanaji ndio wenye nyuso, na msanii kahangaika kuwachora, kila mmoja na yake, mwenye hofu, mwenye imani. Mie nimewapita wote namfuata asiye na uso.

Kwani mie niko upande gani wa ule mlango?

Nilizima tableti. Jumatano ile sikusoma kitu, na wala si kwa azma. Sikuwa na hamu.

## "Ni kejeli, yakhe"

Nina rafiki Chake Chake, mwalimu, ndiye mtu wa pekee Pemba ninayeweza kumpigia simu kwa mambo haya bila kuulizwa kama nimekula. Nikamweleza yote.

"Yakhe, si wanamcheka?" alisema. "Ile yote kejeli. Wewe ulidhani Wagner anampenda?"

Akanipa na ushahidi, maana ni mwalimu. Ezquerra, aliyembuni Dredd kwa sura, alizaliwa Zaragoza, Uhispania, mwaka 1947, akakulia chini ya dikteta Franco. Tai yule mkubwa wa begani, zile kofia, zile buti: mchoraji alijua anachora nini. Askari wa namna hiyo alikuwa keshawaona.

Hilo liliniingia. Nilikuwa nikimjua Ezquerra kwa mistari yake, ule ukingo wake wa vijino vijino anaouzungushia watu, na kwa kisa kimoja ninachokipenda kuliko vyote: Johnny Alpha alipoandikiwa kufa, mwaka 1990, Ezquerra alikataa kumchora akifa. Walitafuta mkono mwingine. Mtu aliyekataa kumuua kiumbe wa karatasi. Sikuwahi kumfikiria kama mtoto aliyechungulia kwenye ufa wa mlango wake mwenyewe.

Hata hivyo kejeli inamkinga mwandishi. Msomaji inamwacha alivyo. Mpwa wangu hakuona kejeli yoyote, kaona mtu mwenye nguvu anayetoa miaka mitano mitano.

Na kuna jambo jingine, ambalo nilimwambia rafiki yangu na yeye akanyamaza kidogo. Nadhani kosa liko katika zile kurasa tano. Ndani ya kurasa tano Dredd karibu kila mara ana haki. Muuaji ni muuaji kweli, jiji limerukwa na akili kweli, na pasingekuwa na yeye wangekufa watu. Wiki ijayo tena ana haki. Na nyingine. Kama Majaji wangeletwa katika kitabu kimoja kinene, mji usio na wakili, usio na kura, askari ndiye hakimu ndiye mnyongaji, msomaji angekifunga kitabu na kusema hawa madhalimu. Lakini ukiletewa kidogo kidogo, Jumatano kwa Jumatano, unaona kesi tu. Ukuta unaozizunguka kesi huuoni. Na mtu unayemwona kila wiki unamzoea.

Nje ya katuni mambo huja hivyo hivyo. Kizuizi kimoja barabarani, unalalamika. Kinakaa. Baada ya miezi unawaelekeza wageni kwa kukitumia: ukifika pale kwenye kizuizi, pinda kushoto.

"Filamu ya 1995," rafiki yangu alinikumbusha, "si walimvua helmeti?"

Walimvua, na mashabiki mpaka leo hawajasamehe. Ya 2012 hakuvua hata mara moja, na tuliisifu hasa kwa hilo. Nilikuwa miongoni mwa waliosifu. Yaani wanaoidai helmeti ibaki kichwani ni sisi wenyewe.

"Sasa ndiyo unaacha kusoma?" aliniuliza.

"Sijasema hivyo."

"Basi unataka nini?"

Salio likakatika. Salio la watu wa Pemba hujua wakati wake.

## Kura

Baada ya hapo nikairudia ile ya 1991, kura ya maoni. Dredd mwenyewe, baada ya miaka ya wasiwasi, ndiye aliyeshurutisha raia waulizwe: mnawataka Majaji au mnataka kujitawala? Wakaulizwa. Wengi hata kituoni hawakwenda, na waliokwenda wakawachagua Majaji.

Tulipopiga kura yetu ya maoni, 31 Julai 2010, mie nilikuwa ndiyo kwanza napata umri wa kupiga kura. Asilimia 66.4 walisema ndiyo kwa serikali ya umoja, na usiku ule Wete watu walitembea barabarani mpaka alfajiri. Kwa hiyo niliposoma mara ya mwanzo kwamba raia wa Mega-City One wamepewa nafasi na kuitupa, niliwadharau. Wajinga. Sasa siwadharau tena hivyo. Waliishi na helmeti tangu kuzaliwa. Mwandishi angewafanya wachague uhuru ningefurahi, na nisingemwamini.

## America

Wiki iliyopita tulikuwa tunachambua karafuu, mie na mama, kazi inayoshughulisha mikono tu na mdomo ukabaki huru. Akaniuliza mwenyewe:

"Hao watu wako wa Jumatano, wanafanya nini hasa?"

Nikaamua nisianze na Dredd. Nikamsimulia ile ya 1990, ya Wagner na Colin MacNeil, ambayo kwangu ni bora kuliko zote. Wahamiaji wawili kutoka Puerto Rico wanafika Mega-City One, wanapata binti, wanamwita America kwa mapenzi yao kwa nchi waliyoikimbilia. Binti anakua, anawaona Majaji, anajiunga na wanaodai kura, na baadaye na wanaotega mabomu. Yupo na rafiki yake wa utotoni, Bennett Beeny, mwoga, mwimbaji tajiri, anayempenda tangu wakiwa wadogo.

"Huyo atamsaliti," mama alisema.

Bado nilikuwa sijafika huko. Nikaendelea: Beeny anawatonya Majaji, America anapigwa risasi, akili yake inakufa na mwili unabaki hai. Beeny, kwa mapenzi na majuto, anahamishia ubongo wake ndani ya mwili wa America.

Mkono wa mama ulisimama. "Ubongo wa nani, kwenye mwili wa nani?"

"Wa mwanamme, kwenye mwili wa huyo mwanamke."

"Astaghfirullah. Na wewe unalipa pesa kwa haya?"

"Kila Jumatano."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akataka kujua walipozikwa wazee wa binti, nikamwambia hadithi haikwenda huko, akasema basi hadithi ina upungufu. Nikamwambia kuna mtoto. Amezaliwa binti, kapewa jina la mamake, America Beeny. Na baba alipokuwa mahututi akamkabidhi kwa Majaji wamlee.

"Kwa wale wale?"

"Wale wale. Na sasa ni Jaji kamili, tena hodari."

Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alianza kuwataja, mmoja baada ya mmoja, watoto wa mitaa yetu ambao baba zao walivuka Shimoni na leo wamevaa sare. Mmoja ni wa binamu yake mwenyewe, kafuturu kwetu Ramadhani hii na akasifia uji. Nikasema huyo binti kamsaliti mamake. Mama akasema mie najua mambo ya vitabuni tu, mtoto yatima angekwenda wapi? Nikasema angekataa. Akasema anayekataa ni mwenye pa kwenda. Nikasema mamake alikataa, na hakuwa na pa kwenda.

"Na mamake yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia asihukumu kabla hajasikia ile ya 2006, binti akiwa bado mwanafunzi wa Ujaji, anapolifungua upya jalada la wazazi wake huku Dredd anamtazama. Akasema sema. Nikaanza, na alinikatiza kila baada ya maneno mawili.